Taasisi ya Michael J. Fox na ugonjwa wa Parkinson: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa na jamaa, majirani na watu wanaouguza wazazi wao, wengi wakiwa wameliona jina la taasisi hii kwenye simu na kutaka kujua kama itawafaa. Mimi si daktari. Namuuguza mama yangu, na kwa sababu yake nimekuwa msomaji wa kila kinachoandikwa kuhusu ugonjwa huu. Mambo ya dozi mwachie daktari wako.

Taasisi ya Michael J. Fox ni nini hasa?

Ni shirika la hisani la Marekani lenye makao New York. Lilianzishwa mwaka 2000 na mwigizaji Michael J. Fox, mzaliwa wa Kanada, aliyeambiwa mwaka 1991 kwamba ana Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoharibu polepole mwendo wa mwili. Alikuwa na miaka 29 tu. Alificha kwa miaka saba, akatangaza hadharani mwaka 1998. Kazi kubwa ya taasisi ni kukusanya fedha na kuzipeleka kwenye utafiti, na hadi sasa imeshatoa zaidi ya dola bilioni 2. Haijiwekei mtaji wa kudumu benki. Kinachoingia kinatoka, maana lengo waliloliweka wazi ni kufika siku watakapofunga ofisi kwa sababu tiba imepatikana.

Naweza kuwaandikia wanisaidie dawa au nauli ya hospitali?

Hapana, na nasema hivi mapema ili usipoteze muda ambao mgonjwa wako anauhitaji. Taasisi hii hailipi matibabu ya mtu mmoja mmoja wala haigawi vidonge. Utakachopata bure kwao ni maelezo: vitabu vidogo, mazungumzo yaliyorekodiwa, taarifa za majaribio ya dawa. Karibu yote ni kwa Kiingereza, kwa hiyo kama una kijana nyumbani anayekisoma vizuri, mpe kazi hiyo.

Kuhusu bei ya dawa, hoja ya kushika ni hii: levodopa pamoja na kabidopa, dawa kuu ya Parkinson, imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Dawa muhimu ina maana inatakiwa ipatikane muda wote, kwa bei ambayo watu wanaimudu. Ukiona hospitali ya wilaya haina, uliza, andika barua, mwambie diwani na mbunge. Kuomba dawa iliyo kwenye orodha hiyo ni kudai haki.

Kama hawagawi dawa, mabilioni hayo yamefanya nini?

Ningetaja mambo matatu. La kwanza ni utafiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2010, unaojulikana kwa kifupi PPMI, ambao unawafuatilia watu kwa miaka mingi, wenye ugonjwa na wasio nao, wakitoa damu, maji ya uti wa mgongo na picha za ubongo. Matokeo yake hayafungiwi kabatini. Mtafiti yeyote mwenye sifa anaweza kuomba kuyatumia, awe Lagos au Tokyo.

La pili limezaliwa na hilo la kwanza. Ndani ya ubongo wa mgonjwa wa Parkinson kuna protini iitwayo alfa-sainuklini inayojikunja vibaya na kujirundika. Kwa miaka mingi vifundo vyake vilionekana kwa uhakika baada ya mtu kufa tu, ubongo ukipasuliwa. Aprili 2023 watafiti wa PPMI walitangaza matokeo ya kipimo kinachoigundua protini hiyo kwenye maji ya uti wa mgongo wa mtu aliye hai. Walipima watu 1,123, na kati ya wagonjwa, kipimo kiliwatambua karibu 88 katika kila 100. Hata baadhi ya watu ambao bado hawajaanza kutetemeka, ila wamepoteza uwezo wa kunusa, walikutwa nayo. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Kujaribu dawa ya kuzuia ugonjwa bila kuwa na njia ya kuuona ugonjwa wenyewe ni kupiga mshale gizani.

La tatu ni levodopa ya kuvuta kwa mdomo, iliyoruhusiwa Marekani Desemba 2018 kwa ajili ya zile saa ambazo kidonge kimeisha nguvu na mwili umeganda. Taasisi ilitia fedha humo mapema, kabla haijajulikana kama itafanikiwa.

Je, Muhammad Ali alikuwa na ugonjwa huu huu?

Ndiyo. Aligunduliwa mwaka 1984, miaka mitatu baada ya pambano lake la mwisho, akaishi nao hadi Juni 2016. Mwaka 2002 yeye na Fox walikwenda pamoja mbele ya Baraza la Seneti la Marekani kuomba fedha za utafiti ziongezwe. Wazee wetu waliosikiliza pambano la Kinshasa la 1974 redioni hunielewa haraka zaidi nikianzia kwa Ali kuliko nikianzia kwa kemikali za ubongo. Kama ni ngumi zilizomletea, hakuna anayeweza kuapa. Kuumia kichwa mara kwa mara ni mojawapo ya mambo yanayoongeza hatari.

Ugonjwa wenyewe unafanya nini mwilini?

Katikati ya ubongo, chini, kuna seli zinazotengeneza kemikali iitwayo dopamini, ambayo husaidia mwili kwenda kwa ulaini: kuinua kikombe, kugeuka kitandani, kutabasamu. Seli hizo hufa polepole. Dalili zinapoanza kuonekana kwa macho, sehemu kubwa ya dopamini imeshakwisha. Daktari James Parkinson wa London aliueleza mwaka 1817, na siku aliyozaliwa, 11 Aprili, ndiyo sasa Siku ya Parkinson Duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wakiishi nao.

Baba ana miaka 68, mkono unatetemeka na anatembea kwa kuburuta miguu. Majirani wanasema ni uzee, wengine wanasema amerogwa.

Si uzee. Wazee wengi hufika 90 bila kutetemeka. Na hajarogwa na mtu.

Nitakupa mfano wa kwetu. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, watafiti wa Tanzania na Uingereza walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye wakazi 161,071, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Walipata watu 33 wenye Parkinson. Wengi wao hawakuwa wameambiwa na mtu yeyote wana ugonjwa gani. Walikuwa wakitetemeka majumbani mwao, wakihesabiwa kuwa ni wazee tu, ilhali dawa ya kuwapunguzia shida ilikuwa imeshajulikana duniani tangu miaka ya 1960. Kila nikiufikiria utafiti ule, uchungu hunishika. Mtu anakaa miaka akilishwa na kuvishwa, pengine akitengwa, kwa jambo ambalo kidonge kingelipunguza ndani ya wiki chache.

Mpeleke hospitali. Kama kuna daktari bingwa wa ubongo na mishipa ya fahamu unayeweza kumfikia, mwone huyo. Kama hakuna, daktari wa kawaida aliye makini anaweza kuanza.

Dalili za mapema ni zipi?

Watu husubiri mtetemo, na wagonjwa wengine hawatetemeki kabisa. Angalia mwandiko: mstari unaanza kwa herufi za kawaida, unaishia kwa herufi ndogo kama sisimizi. Angalia mkono mmoja usiopunga anapotembea, uso uliokosa mabadiliko hata akiwa na furaha, sauti iliyoshuka, vifungo vya shati vinavyomchukua robo saa. Miaka kadhaa kabla ya hapo huenda alishindwa kunusa karafuu au samaki anayeungua jikoni, alikuwa akikosa choo, au alikuwa akipiga mateke na kupiga kelele usingizini akiigiza ndoto zake. Kila moja peke yake haimaanishi Parkinson. Zikikutana mbili tatu kwa mtu mmoja, usizipuuze.

Kuna kipimo cha damu?

Cha kukupa jibu la uhakika hospitalini, bado. Daktari hutegemea macho na mikono yake: atamwambia agonge kidole gumba na cha shahada, afungue na kufumba kiganja, anyanyuke kwenye kiti bila kushika. Kisha mara nyingi anampa levodopa aone kama mwili utaitikia. Picha za ubongo hupigwa zaidi ili kuondoa magonjwa mengine.

Kuna tiba?

Ya kuumaliza, hapana. Ya kumrudishia mtu maisha yake kwa miaka mingi, ipo. Dopamini yenyewe ukimeza haivuki kutoka damuni kuingia kwenye ubongo, ila levodopa huvuka, ikageuzwa kuwa dopamini humo ndani. Kabidopa inayochanganywa nayo huizuia isigeuke njiani, na hivyo kichefuchefu hupungua.

Siri ya dawa hii ni saa. Mama akimeza saa moja asubuhi, saa mbili kasoro anaweza kuosha vikombe na kunisema kwamba sikuvipanga vizuri. Kidonge cha saa tano kikichelewa, saa sita anakuta miguu imegandamana na sakafu. Weka kengele kwenye simu, na mpe mtu wa pili nyumbani ratiba ileile.

Halafu chakula. Nyama, maharage, maziwa, samaki, vyakula vyote vya kujenga mwili hushindana na levodopa kufyonzwa. Ameze nusu saa au saa nzima kabla ya kula. Tumbo likimsumbua, kipande cha mkate mkavu au muhogo wa kuchemsha kinatosha. Wengine hufaidika kwa kusogeza maharage na nyama jioni. Protini yenyewe usimnyime, maana wagonjwa hawa hukonda upesi.

Kamwe asiachishwe dawa ghafla, hata mkiona maruweruwe au mwili unaochezacheza. Kukatisha ghafla kunaweza kuleta homa kali, misuli kukakamaa na kuchanganyikiwa, na mtu anaweza kufa. Mwambie daktari apunguze taratibu.

Naweza kufunga Ramadhani?

Aya ya 185 ya Al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa, na sioni sababu ya mtu kujitesa kwa ruhusa aliyopewa. Levodopa hufanya kazi kwa saa chache tu. Kutoka daku hadi futari ni muda mrefu, na anayekosa dozi za mchana anaweza kuanguka au kushindwa kumeza futari yenyewe. Walio mwanzoni kabisa mwa ugonjwa, wenye dozi chache, wazungumze na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama, kisha na sheikh wao.

Nimesikia upupu unatibu Parkinson. Ni kweli?

Kweli kuna levodopa ndani ya mbegu za upupu, nyingi tu, na watafiti wanaichukulia kwa uzito. Mwaka 2017 ulichapishwa utafiti uliofanyika Bolivia kwa wagonjwa 18: unga wa mbegu hizo, kwa dozi moja moja, uliwasaidia kama kidonge. Waliporudi kuwajaribu wagonjwa 14 kwa wiki kadhaa mfululizo, nusu yao waliacha, ama kwa tumbo kuwasumbua au kwa sababu mwendo wao ulizidi kuharibika. Unga wa gengeni hauna kipimo. Leo kijiko kina nyingi, kesho kidogo. Na anayekunywa vidonge akaongeza upupu kimyakimya anajizidishia dozi bila daktari kujua. Kama umeshaanza, mwambie. Daktari mzuri hatakufokea.

Mama anao. Nami nitaupata?

Uwezekano mkubwa ni kwamba hutaupata. Wagonjwa wengi hawana mwingine katika ukoo. Zipo jeni zinazoongeza hatari, na hapa ndipo Afrika inapoingia.

Kwa miaka mingi karibu kila kilichojulikana kuhusu jeni za Parkinson kilitokana na damu ya watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 watafiti wa Nigeria, Uingereza na Marekani walichapisha utafiti uliowachunguza watu 197,918 wenye asili ya Kiafrika, 1,488 kati yao wakiwa wagonjwa. Miongoni mwa waliouongoza ni Njideka Okubadejo wa Chuo Kikuu cha Lagos na Mie Rizig wa University College London. Walikuta badiliko kwenye jeni iitwayo GBA1 ambalo halikuwa limewahi kuonekana katika tafiti za Wazungu. Aliyerithi nakala moja hatari yake huongezeka kama mara moja na nusu. Aliyerithi mbili, kama mara tatu na nusu. Kazi hiyo ilipitia mpango wa kimataifa wa jeni za Parkinson, GP2, ambao Taasisi ya Michael J. Fox ni mshirika wake katika utekelezaji.

Hatari kuongezeka haina maana ya hukumu. Wengi wenye badiliko hilo hawataugua. Lakini dawa zinazolenga GBA1 zinatengenezwa sasa, na kama zitajaribiwa kwa Wazungu peke yao hatutajua kama zinafanya kazi kwa badiliko letu sisi.

Kwa hiyo nikubali kutoa damu kwa utafiti? Wasije wakaichukua wakatusahau.

Hofu hiyo ina historia na siibezi. Jibu langu ni kukubali, ukiwa umeuliza maswali yako yote kwanza. Utafiti halali una kibali cha kamati ya maadili ya nchi, omba kukiona. Fomu ya ridhaa isomwe kwa lugha unayoielewa. Uliza sampuli itahifadhiwa wapi, nani ataitumia, na kama wataalamu wa hapa nao wanafundishwa na kuandika majina yao kwenye matokeo. Una haki ya kujitoa siku yoyote bila kunyimwa matibabu. Mtafiti akikasirikia maswali haya, ondoka.

Nakubali kwa sababu nimeona gharama ya kukosekana. Badiliko lile la GBA1 lilikuwa ndani ya damu yetu muda wote, na halikuonekana hadi Waafrika walipohesabiwa. Upande wetu wa bara, mradi wa TraPCAf unaogharimiwa na Uingereza unafanya kazi ya namna hiyo Tanzania, Kenya, Ethiopia na nchi nyingine za Afrika. Ukiwa karibu na hospitali kubwa ya rufaa, uliza kliniki ya neva kama kuna utafiti unaoandikisha.

Dawa za kisukari zinazuia Parkinson? Na seli shina?

Jibu la kweli ni kwamba tunasubiri. Mwaka 2024 jaribio la Ufaransa la watu 156 lilionyesha liksisenatidi, dawa ya kisukari, ikizuia kidogo dalili zisizidi kwa mwaka mmoja. Februari 2025 yakatoka matokeo ya jaribio la Uingereza la dawa ya jamii hiyohiyo, eksenatidi, watu 194 kwa wiki 96, na haikuwa na faida yoyote. Seli shina, yaani seli changa zinazoweza kukuzwa ziwe seli za aina nyingine, zilizopandikizwa ubongoni zimejaribiwa kwa watu 7 Japani na 12 Marekani na Kanada, matokeo yakatolewa Aprili 2025. Shabaha ilikuwa kuona kama ni salama, na ilionekana ni salama. Anayekuuzia sindano ya seli shina mtaani anauza kitu ambacho hakijathibitishwa.

Nikiwa na kidogo cha kuchangia, nikipeleke wapi?

Kwa walio Ulaya, Ghuba au Marekani na wanaotaka kuusukuma utafiti, changia Taasisi moja kwa moja kwenye tovuti yake, kamwe si kwa namba iliyotumwa WhatsApp kwa jina la Fox. Kwa aliye nyumbani, ningesema anza na mgonjwa unayemfahamu: mnunulie vidonge vya miezi mitatu, au lipia mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Mazoezi yanamsaidia kila mgonjwa wa Parkinson, na ndiyo ya kwanza kuachwa fedha zikipungua.

Mzee anafika mlangoni anaganda, hasogei. Nimvute?

Usimvute, ataanguka. Simama kando yake, mwambie asimame kabisa, apumue, ahamishe uzito kwenye mguu mmoja, kisha anyanyue mwingine juu kama anavuka kitu. Chora mistari ya chaki sakafuni kwenye vizingiti, hatua moja moja. Ubongo ulioshindwa kuanzisha hatua wenyewe hupata njia ukiwa na mstari wa kuuruka, au wimbo wa kufuata. Mama yangu huvuka mlango wa jikoni kwa kaswida. Ondoa mikeka inayoteleza, na usimsemeshe anapogeuka.

Na wewe unayeuguza, tafuta wa kukupokea zamu. Mgonjwa wako anaweza kupata sonona, baadaye hata kusahau mambo, na safari ni ya miaka mingi.

Akilazwa kwa ugonjwa mwingine, nifanye nini?

Hapa watu wengi huumizwa bila mtu kukusudia. Nenda na vidonge vyake na ratiba iliyoandikwa kwa kalamu nene, umkabidhi muuguzi wa zamu, na umwombe ampe mgonjwa wako kwa saa zake na si kwa saa za wodi. Akiwa anatapika, mwambie daktari kabla ya sindano kwamba ni mgonjwa wa Parkinson: metoklopramidi, inayojulikana madukani kama Plasil, huziba kazi ya dopamini na inaweza kumgandisha kabisa. Haloperidoli na klopromazini zinazotolewa kwa mtu aliyechanganyikiwa hufanya vivyo hivyo. Ziandike zote tatu, zote za kuepukwa, kwenye karatasi moja na ratiba, na uibandike juu ya kitanda.